Kitabu Kisicho na Mtu wa Kumpenda

Msambweni,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Kwa ndugu yangu mpenzi Mbarak,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mkeo Mercy na watoto, na kwamba baridi ya Nairobi haijawazidia. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mola. Mvua imenyesha vizuri, mihogo ya uani imeshika, na lile paa la jikoni ulilokuwa ukiliulizia halivuji tena. Hali ya Mama nitakueleza mbele, maana ina maelezo yake.

Utashangaa kuona nakuandikia na simu zipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu kila nikifika kwenye neno lenyewe wewe huniambia darasa linakungoja, au mtandao unasumbua, na mimi hubaki nimeshika simu sikioni nikisikiliza kimya. Nimempa barua hii jirani yetu Chirau, ambaye anarudi kazini huko kesho, akufikishie mkononi. Naomba uketi uisome yote, kisha ukasirike ukitaka.

Nianze na hiyo riwaya ya *Wasiolia* uliyoniletea kwa mkono wa Chirau huyohuyo. Uliniambia imepata tuzo kubwa, kwamba walimu wenzako chuoni hawaongei habari nyingine, na kwamba mimi, kwa vile nipo tu nyumbani na nina nafasi, itanifaa. Nimeisoma, Mbarak. Nimeisoma mpaka jalada la nyuma, na nimekasirika kiasi kwamba Mbeyu wa nyumba ya pili alikuja kuuliza kama kuna mtu amenitukana.

Mimi si mgeni wa vitabu. Unajua miaka yangu yote ya mapokezi kule hotelini Diani nilikuwa na kitabu chini ya meza, na wageni wakipungua nasoma. Nimesoma habari za wezi na wauaji na sikutetemeka, kwa sababu hata mwizi mwandishi alimpa kitu kimoja cha kumpendea, hata kama ni namna anavyomlisha paka wake. Humu hakuna. Bi Rukia, mama mwenye nyumba, anaumwa kitandani na bado anatukana kila anayemletea maji. Binti yake Tunu, ambaye ndiye anayemuuguza, anakula nyama anayopikiwa mgonjwa na kumpa mgonjwa mchuzi. Majirani wakija kumtazama mgonjwa wanachungulia kwanza vyumbani kuona kama pamefagiliwa. Hata mbuzi wa nyumba hiyo ni mkorofi, anapiga watoto pembe. Na huyo Tunu, ikifika katikati ya kitabu, anasimama mlangoni mwa mamake asubuhi na kusikiliza kama bado anapumua, na mwandishi anatuambia wazi kuwa hakuwa akiomba apumue.

Hapo nilikifunga nikakiweka juu ya kabati. Nilijiuliza ni mtu gani huyu aliyekaa chini, akatumia miaka ya umri wake kutuumbia watu hawa, na ni waamuzi gani hao waliompigia makofi. Nilikuwa nimetoka kufua shuka za Mama mara ya pili siku hiyo. Mikono yangu ilikuwa inanuka dawa ya kufulia. Sikutaka kufundishwa na mtu habari ya kuuguza.

Lakini unamjua Mama. Tangu kiharusi kimshike, mkono na mguu wa kushoto ndiyo iliyolegea, masikio hayana neno. Alikuwa amenisikia nikifyonya kila baada ya ukurasa. Akaniuliza, kwa yale maneno yake ya siku hizi yanayotoka moja moja, ni nini kinachoniudhi. Nikamwambia ni riwaya ya Mbarak. Akasema nimsomee.

Nilijaribu kumkwepa. Nilimwambia ni ndefu, nikamwambia ina Kiswahili kigumu. Akanitazama kwa jicho lile alilokuwa akiwatazamia wapishi wenzake harusini wanapomwambia mchele hautoshi. Basi nikakishusha kitabu kabatini nikaketi kando ya kitanda nikaanza. Na hapa nicheke kidogo ingawa sina raha: nilikuwa namdanganya. Mahali Bi Rukia alipotukana, mimi nilisoma kwamba aliguna. Mahali Tunu alipokula nyama, nikasoma kwamba alimlisha mamake kwa vidole vyake. Nilikwenda hivyo kurasa kadhaa, na nikaona ninaandika kitabu kizuri kuliko kile kilichotuzwa.

Mama aliniacha niendelee, kisha akainua ule mkono wake mzima. "Maimuna," akasema, "soma kilichoandikwa." Nikamwuliza amejuaje. Akasema hajapata kuona wanawake wawili wakae nyumba moja na ugonjwa, wasemezane kwa adabu namna hiyo kutwa nzima.

Nikasoma kilichoandikwa. Ikawa ndiyo desturi yetu, kila akimaliza mazoezi ya viungo na kunywa uji; usiku mimi nilitangulia peke yangu mpaka nikakimaliza. Mimi nasoma kwa hasira na yeye anasikiliza macho yamefumbwa. Mara nyingine nilidhani amelala, nikinyamaza ananiambia niendelee. Hakusema kama anakipenda wala anakichukia. Mimi ndiye niliyesema. Nilimlaani Tunu kwa sauti, nikamwambia Mama kuwa binti wa namna hiyo hayupo Kwale nzima.

Sasa, Caroline unamkumbuka, yule niliyekuwa naye mapokezi, mtu wa Nakuru. Ana kundi la wasomaji linalokutana nyumbani kwake Diani Jumamosi za mwisho wa mwezi. Akanipigia kuniambia wanajadili *Wasiolia*, na kwamba tangu niondoke hotelini hawajaniona. Nikamwomba Mbeyu akae na Mama. Nilivaa buibui langu jipya, Mbarak, nikaenda kwa nia moja tu: kuwaambia watu wa Diani kwamba kitabu chao ni cha aibu.

Tulikuwa watu kama kumi barazani kwa Caroline, chai na mahamri mezani, na karibu wote ni watu wa hoteli na wa nyumba za kupangisha. Nilisikiliza kwanza. Akaanza kijana mmoja, Lewis, anayetembeza watalii. Akasema kitabu ni kikali, lakini yeye hakuweza kumvumilia yule Tunu. "Huyo dem ni shetani tu," akasema. "Mama ni mama. Mimi mamangu akiugua siwezi kumfanyia hivyo, hata saa moja." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja wa Tiwi, ambaye sikulishika jina lake, akasema mtu kama Tunu hata kaburi lingemkataa.

Hayo ndiyo maneno niliyokwenda nayo mimi, tena ya kwao yalikuwa laini. Ilinipasa nifurahi. Badala yake nilikasirika. Nilimtazama Lewis, viatu vyake vyeupe, mahamri mkononi, nikajiuliza kama amewahi kumgeuza mtu mzima kitandani asipate vidonda. Nikajiuliza kama huyu mama wa Tiwi anajua kuwa mgonjwa wa kiharusi anaweza kukaa na uji mdomoni mpaka upoe, kisha akautema kifuani mwako, na akakulaumu kwamba umepoa. Walimhukumu Tunu kama watu wanaochagua nyanya sokoni.

Kisha Caroline akasema neno lililonimaliza. Alisema kitabu kizima, kwa maoni yake, kina mtu mmoja tu anayependeka, naye ni Idi.

Idi ni kaka yake Tunu. Anaishi ng'ambo. Anapiga simu kila Ijumaa kuuliza kama mama amekula, anatuma majina ya dawa mpya alizosoma habari zake, na sura moja nzima analia garini kwa kumkumbuka mamake alivyokuwa akimwimbia. Caroline alisema sura ile ilimtoa machozi. Lewis akasema hata yeye. Wakakubaliana wote barazani kwamba Idi ana moyo.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Nikawaambia kwamba huyo Idi hajavua hata sandali mlangoni mwa nyumba ile tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nikawaambia ni rahisi kupendeka ukiwa mbali, kwa sababu hakuna anayekunusa wala kukuona umekasirika saa ya kulisha. Nikawaambia Tunu amekula nyama, ndiyo, na ni aibu, lakini nani mwingine humo ndani aliyeipika? Sauti yangu ilipanda. Nilikuwa nimekwenda kumzika Tunu na sasa namtetea mbele ya watu nisiowajua.

Caroline akanimiminia chai akaniuliza taratibu kama Mama hajambo. Nikamwambia hajambo, nikachukua mkoba wangu.

Njiani kurudi nilikuwa bado nawaka, na hasira yenyewe haikuwa tena ya Caroline wala Lewis. Nilikumbuka maneno yako kwenye simu ya Ijumaa ile, uliponiuliza nimefika wapi na kitabu. Ulisema, na hukusita, kwamba wewe humo ndani umempenda Idi peke yake, kwamba ndiye aliyekugusa. Unayakumbuka? Mimi nilikuwa nimeinama namfunga Mama kanga wakati unayasema.

Mbarak, ndugu yangu, nani alikaa kikao akaamua kwamba ni mimi? Nakuuliza kwa sababu mimi sikuwapo. Mama alipoanguka nilikuwa kazini, nikaomba likizo ya wiki, na wiki ikawa miezi, na likizo ikawa nimeacha kazi. Ulikuja, ulikaa siku tatu, ulilia hospitalini mpaka wauguzi wakakuonea huruma, ukarudi. Ukaniambia kuwa kwa vile nilishaachika na mwanangu yuko bweni, mimi ndiye mwenye wasaa. Kama kwamba talaka ni likizo. Tangu hapo umenitumia makala, umenitumia video za mazoezi, umenitumia majina ya vyakula visivyopatikana huku, na mwisho umenitumia riwaya. Hela umetuma, sikatai, na nakushukuru. Lakini hujaja kushika upande wa pili wa shuka.

Nilipofika nyumbani Mbeyu alikuwa ameshampa Mama chakula. Mama akaona uso wangu akaniuliza walisemaje Diani. Nikamweleza yote, nikifikiri atanikemea kwa kupiga kelele katika nyumba ya watu. Kisha akaniambia habari ambayo sijapata kuisikia maishani mwangu, na sidhani wewe umeisikia.

Alisema alipoolewa na Baba walimpeleka kijijini Bodo akamuuguze bibi yetu mzaa baba, aliyekuwa mgonjwa kitandani miaka miwili. Yeye alikuwa binti mdogo. Bibi, ambaye sisi tumelelewa tukiambiwa alikuwa mtu wa ibada na upole, alikuwa akimpiga kwa kata ya maji. Baba alikuwa Mombasa bandarini, akija mwisho wa mwezi na maneno matamu na kitambaa cha gauni. "Nilimuosha, nikimchukia," Mama akasema. "Nilimchukia na nilimuosha. Siku aliyokufa nilipika chakula cha matanga, nikala nikashiba, nikalala." Akapumzika kidogo, halafu akasema, "Huyo Tunu si shetani. Amechoka tu. Mwandishi anajua."

Nikamwambia lakini Tunu alisimama mlangoni.

"Na wewe?" akaniuliza.

Hapa ndipo nilipotaka ufike, Mbarak, na ndiyo maana sikutaka kuyasema kwenye simu. Nilimjibu. Nilimwambia kuna asubuhi moja, mwezi uliopita, alikuwa akiniita nami nilikuwa jikoni. Aliita, akaita. Mimi nikafungua bomba nikaliacha limiminike kwenye ndoo ili nisimsikie, nikakaa juu ya kigoda mpaka ndoo ikafurika sakafuni. Sikuwa nafanya kitu. Nilikuwa nimekaa tu. Na katika kukaa pale nilifikiri kwamba kama angekuwa hayupo ningekuwa Diani, nimevaa sare yangu, nawaambia watu karibuni. Nilifikiri hivyo, kwa maneno hayohayo. Kisha nikafunga bomba nikaenda kumbadilisha.

Nilidhani atalia, au nitalia mimi. Mama alicheka, kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Alisema alilisikia bomba. Alisema siku ile alijua, na aliacha kuita kwa kunihurumia.

Basi nikamwambia na lile jingine ambalo nimewaficha nyote wawili. Hotelini wamenitaka nirudi. Msimamizi wa mapokezi amehama, meneja amenipigia mwenyewe, wananitaka nishike nafasi yake kuanzia mwanzo wa mwezi ujao. Nikikataa safari hii hawatanipigia tena, na sitawalaumu. Mama akaniuliza kwa nini nilificha. Nikamwuliza yeye angesemaje. Akasema, "Ningesema nenda." Nilikasirika hata na hilo, nakwambia kweli. Miezi yote nimelimeza neno la kutaka kwenda kama mfupa, na jibu lake lilikuwa neno moja.

Kisha akauliza, "Na huyo wa kiume, Idi, yuko wapi kitabu kizima?" Nikamwambia hupiga simu. Mama akasema simu haimgeuzi mtu kitandani. Akatazama dari, na nilipofikiri habari imekwisha akasema nimpeleke kwa Mbarak.

Sikumshawishi. Naapa kwa Mola wetu kwamba nilimkatalia kwanza. Nilimwambia Nairobi kuna baridi na nyumba yako ina ngazi. Akasema atapanda kwa makalio. Daktari wake hapa amemtazama wiki hii na kusema safari ya kukaa ataiweza, bora asikae mahali pamoja sana na mazoezi yasikatike. Kwa hiyo, Mbarak, tunakuja. Jumamosi hii binamu yetu Sefu atatupeleka Mombasa kwa gari lake, na tutapanda treni ya mchana. Nitakaa nanyi siku mbili nikuoneshe kila kitu, kisha nitarudi kazini. Atakaa kwako mpaka Ramadhani, baadaye tutaongea upya, wewe na mimi na yeye, tukiwa tumeketi pamoja.

Mercy anajua. Nilimpigia wifi yangu kabla yako kwa sababu ni nyumba yake pia, nikamwomba asikwambie mpaka upate barua hii. Aliniambia amekuwa akikuuliza tangu mwaka jana kwa nini Mama haletwi, na wewe ulikuwa ukimjibu kwamba mimi sitaki. Sitaandika zaidi juu ya hayo hapa. Utanieleza ana kwa ana, na uanze kutafuta maneno tangu sasa.

Na nikuonye jambo moja. Usimwachie Mercy. Yeye ana kazi yake na watoto, na Mama si mamake. Najua utasema yapo mambo ambayo mwanamume hawezi kumfanyia mamake mzazi, na ni kweli, dini na haya haziruhusu. Kwa kuoga na kubadilisha, Mercy ameshapata mwanamke mzuri wa mtaa wenu atakayekuja asubuhi na jioni, na mshahara wake utautoa wewe. Lakini kumlisha si haramu kwa mwanamume. Kumnyoosha vidole vya mkono wa kushoto si haramu. Kumsikiliza akikwambia uji umepoa, ukaupasha, akakwambia sasa unachoma, hilo nalo si haramu. Atakutukana, Mbarak. Siku nyingine hutampenda. Nakwambia mapema kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia, na nilidhani ni mimi peke yangu niliyeharibika.

Kitabu bado sikipendi. Nimekimaliza kumsomea Mama jana. Mwishoni Bi Rukia anapona, na hakuna anayemkumbatia mwenziwe, na mbuzi anaendelea na tabia yake. Mama alisema amekipenda. Mimi nilisema ningekutana na mwandishi ningegombana naye mpaka maghribi, na huenda baada ya hapo ningemkaribisha chakula. Lakini tuzo wampe, sina neno tena.

Sijaandika haya kwa kuwa nakuchukia. Ningekuwa nakuchukia ningenyamaza, ukaendelea kupiga simu yako ya Ijumaa na kulala vizuri. Wewe ndiye ndugu niliyenaye, na nimechoka kukupenda kwa mbali.

Njoo stesheni mwenyewe, usitume dereva. Uje na kiti cha magurudumu, hapo kwenu wanaazimisha, Mercy anajua ni wapi. Watoto wape busu, na uwaambie wafungue chumba cha chini kipate hewa. Mbeyu anakusalimu, na Sefu anakusalimu, na majirani wote wanaokuulizia. Salamu za Mama sikuzitia humu. Nilipomwuliza niandike nini kwa niaba yake alisema nisiandike kitu, atakuja nazo mwenyewe.

Wabillahi taufiq.

Ni mimi dada yako,
Maimuna